Kifo Kisicho na Matanga

Kitabu hiki chaanza mezani, wakati wa chakula cha mchana. Kasisi mmoja wa Kiingereza, jina lake Leonard Clement, anakata nyama ya ng'ombe iliyochemshwa. Nyama ni ngumu, naye moyo wake umechoka. Mazungumzo yamefika kwa Kanali Protheroe, mzee wa kanisa, mtu tajiri na mgomvi, asiyekosa neno juu ya hesabu za sadaka wala juu ya namna ya kuongoza ibada. Hapo kasisi asema, bila kupima neno lake, kwamba mtu atakayemwua kanali huyo atakuwa ameutendea ulimwengu wema. Kijana mmoja wa nyumbani, mpwa wake, amwonya kwa mzaha kwamba neno hilo litakumbukwa siku mzee yule atakapokutwa katika damu yake. Kesho yake jioni kanali akutwa amekufa, amepigwa risasi kichwani, ameinama juu ya meza ya kuandikia, katika chumba kile kile cha kazi cha kasisi.

Jina la kitabu ni The Murder at the Vicarage, maana yake Mauaji katika Nyumba ya Kasisi, nacho kilichapwa mwaka 1930. Mtungaji wake, Agatha Christie, alizaliwa Torquay, kusini mwa Uingereza, mwaka 1890, akafa mwaka 1976. Anayesimulia kisa chote ni kasisi mwenyewe, na hilo ndilo lililonivuta kukisoma, maana si mara nyingi hadithi za upelelezi hutiwa kinywani mwa mtu wa kanisa.

Wako wazee wa kanisa wasemao kwamba hadithi za mauaji hazimpasi Mkristo. Wako na vijana wasemao kwamba hadithi ni hadithi tu, haina dhara. Nimekisoma kitabu hiki mara tatu, nami sikubaliani na hao wala na hawa. Biblia yenyewe, kabla hatujaenda mbali katika kitabu cha Mwanzo, yatupa habari ya ndugu kumwua ndugu yake kondeni. Lakini tazama inavyotupa habari hiyo: damu ya aliyekufa ina sauti, na sauti hiyo yasikiwa. Basi hadithi ya mauaji haina ubaya kwa kuwa ni ya mauaji. Yatupasa kuiuliza kama damu ya mtu ina sauti ndani yake, au kama imewekwa pale ili tupate kitendawili cha kutegua. Kitabu hiki nimekiuliza swali hilo, na jibu lake si moja.

Kijiji cha St. Mary Mead hakimo katika ramani yo yote; mtungaji amekibuni. Hata hivyo mtu wa kijijini akikisoma atakijua mara moja. Pana kanisa, nyumba ya kasisi, nyumba kubwa ya tajiri, maduka machache, daktari mmoja, na kundi la mabibi wazee ambao kazi yao ni kutunza maua na kutazama njia. Griselda, mke wa kasisi, ambaye mumewe amempita kwa miaka karibu ishirini, huwaalika mabibi hao kunywa chai, na katika chai hiyo hakuna nyumba inayosalimika. Nani amehamia kijijini, na kwa nini hasemi alikotoka? Msichana yule anamfanyia kazi mwanamume gani, nao hukaa wapi jioni? Sisi tunayo haya kisimani na penye mashine ya kusaga. Wao wanayo katika vikombe vyenye maua. Tofauti ni vikombe tu.

Mmoja wa mabibi hao ni Bibi Marple, mzee mwenye mvi, asiyeolewa, mpole wa sauti, ambaye bustani yake imepakana na ya kasisi. Alikwisha tokea katika kisa kifupi mwaka 1927, lakini hiki ndicho kitabu chake kizima cha kwanza, na baadaye vikafuata vingine kumi na kimoja. Wale waliomjua kwa vitabu vya baadaye, alipokuwa kama nyanya wa watu wote, watashangaa kumkuta hapa ana ukali. Griselda asema waziwazi kwamba katika kundi lile hakuna mbaya kumpita. Ana darubini ya kutazamia ndege, na ndege wa kijiji kile, ajabu, hupenda sana kutua upande wa nyumba ya kasisi.

Elimu yake yote ni majirani. Katika kile kisa cha mwaka 1927 watu wenye akili na vyeo waketi wakisimuliana mafumbo ya mauaji, naye alipopewa nafasi ya kusema akaanza habari ya jirani aliyenunua uduvi, akapita maduka mawili, akafika nyumbani hana uduvi. Wenzake wakaona ni mazungumzo ya kizee. Lakini ndivyo afikirivyo: mambo makubwa ya watu wakubwa ameyaona yote, katika umbo dogo, kwa watu wadogo. Wasomaji waliosoma Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichochapwa mwaka 1960, watamkumbuka Bwana Msa wa Unguja na kiko chake. Bwana Msa hukaa akafikiri, akalifungua jambo taratibu kama mtu afunguaye fundo la uzi. Bibi Marple hafungui kitu. Yeye amekwisha kuliona fundo kama lile kwa fulani, miaka mingi iliyopita, naye ajua lilivyofungwa. Nadhani mwanakijiji atamwelewa upesi kuliko mtu wa mjini.

Polisi wa kitabu hiki ni Inspekta Slack. Jina lake kwa Kiingereza lina maana ya mtu mlegevu, naye hana ulegevu hata kidogo: akimbia, afoka, ahoji watu asingoje jibu. Mezani pa kasisi palikuwa na saa, ikakutwa imeanguka na kusimama kwenye saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili za jioni. Inspekta akafurahi, akaandika dakika hiyo kuwa ndiyo dakika ya kifo. Lakini kasisi ana desturi ya kuipeleka saa ile mbele robo saa nzima, ili asichelewe katika shughuli zake. Ajaribu kumwambia inspekta, inspekta amnyamazisha. Ajaribu tena, anyamazishwa tena. Basi kasisi anyamaza kweli, na polisi wafanya kazi kwa saa ya uongo. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, maana ni wangapi wetu tumesimama mbele ya meza ya ofisi tukiwa na jibu kamili mfukoni, tusipewe nafasi ya kulitoa?

Jambo kama hilo lampata mtumishi wa bibi mmoja wa kijiji. Siku ile alikuwa amesimama mlangoni, akasikia kitu kama chafya. Ni nani atakayejishughulisha na chafya aliyoisikia msichana wa kazi? Mtungaji aliipanda chafya ile kwa makusudi mahali ambapo msomaji ataipita bila kuitazama, nami nilipita.

Sasa nafika penye kiini cha kitabu. Aliyeua sitamtaja, maana kumnyima msomaji jambo hilo ni kumwibia. Ila sitaweza kusema neno la maana bila kufunua kidogo. Jioni ile Bibi Marple alikuwa bustanini mwake. Watu walipita, akawaona. Mmoja alisimama akasema naye, naye Bibi Marple akaona, kama alivyo hodari wa kuona, kwamba mtu yule hana mfuko wala kitu mkononi, na nguo yake haiwezi kuficha silaha. Ushahidi huo aliutoa kwa polisi kwa moyo safi, na kila neno lake lilikuwa kweli. Kumbe mwuaji alikwisha kujua kwamba bibi huyo ataona. Alijua kwamba katika kijiji kile hapana upenyo usio na jicho, wala hakujaribu kujificha. Alilifanya jicho la jirani kuwa shahidi wake. Aliyoyaona Bibi Marple aliandaliwa ayaone, kama mgeni aandaliwavyo chakula.

Hilo ni jambo kubwa, na sijalikuta katika hadithi nyingine limesemwa vizuri hivyo. Twadhani kwamba mahali padogo hapafichi kitu, kwa kuwa macho ni mengi. Christie asema kwamba macho mengi ndiyo pazia lililo zuri kuliko yote kwa mtu ajuaye kulivuta. Na Bibi Marple huwashinda wenzake kwa neno moja: akubali kuyashuku macho yake mwenyewe. Mabibi wengine waliona, wakasema, wakamaliza. Yeye aliona, akasema, kisha akaenda nyumbani kujiuliza kwa nini aliona.

Walakini hapa nina shauri na mtungaji. Mapema katika kitabu kasisi awaonya mabibi juu ya ulimi, kama Yakobo alivyowaonya watu wa kanisa la kwanza, na juu ya hatari ya kusema lo lote lijalo kinywani kuhusu mwenzako. Bibi Marple amjibu kwa upole kwamba yeye kasisi hajui mambo ya dunia, na kwamba wawazao mabaya juu ya wanadamu kwa kawaida hawakosei. Kitabu chote chamsaidia bibi. Kasisi awaona watu wema, akosea. Bibi awaona wabaya, apata. Msomaji asiyeangalia atakifunga kitabu akidhani kwamba umbea umehesabiwa haki.

Katika mtaa mmoja nilikofundisha zamani fedha za sadaka zilipungua. Watu wakatazama, wakamwona kijana mpiga kengele amenunua baiskeli. Hawakusema uongo: baiskeli alikuwa nayo, mpya, na mshahara hakuwa nao. Miezi michache baadaye hesabu ikapatikana. Fedha zilikwisha pelekwa benki, na mwandishi alisahau kuziandika. Baiskeli ilikuwa zawadi ya mjomba. Kijana alikuwa amekwisha kuhama, wala hakurudi. Kwetu hapakuwa na sura ya mwisho ambamo bibi mwenye busara aketi na kueleza ukweli mbele ya watu wote. Umbea wa kitabuni una mtungaji wa kuusahihisha; wa kwetu hauna.

Nasema mtungaji mwenyewe alilijua hili kwa sehemu, maana alimwumba Hawes. Hawes ni msaidizi wa kasisi, mtu dhaifu wa mwili na wa mishipa, aliyepata kuugua ubongo. Fedha za kanisa zimepungua, na aliyezichukua ni yeye. Daktari wa kijiji, Haydock, asema na kasisi juu ya watu wa namna hii: kwamba huenda uhalifu ni ugonjwa, na kwamba siku itakuja ambapo watu watatazama nyuma kwa hofu na kushangaa jinsi tulivyowanyonga wagonjwa. Wasomaji wakumbuke kwamba mwaka 1930 sheria ya Uingereza kwa mwuaji ilikuwa kamba. Adhabu hiyo kwa kosa la kuua ilisimamishwa huko mwaka 1965, ikaondolewa kabisa mwaka 1969. Basi maneno ya daktari hayakuwa mapambo.

Jumapili kasisi, akiwa amechoka na kuchafuka moyo, apanda mimbari akahubiri kama hajapata kuhubiri kamwe, juu ya wenye dhambi kuitwa watubu. Ahubiri kwa moto, kisha aona haya, kwa sababu si desturi yake wala ya kanisa lake. Usiku huo simu yalia: sauti iliyovunjika yasema yataka kuungama, kisha yakatika. Kasisi aenda mbio, amkuta Hawes amelala usingizi wa kufa, na karibu naye barua ya kanali aliyeuawa, yenye kusema kwamba amegundua wizi wa Hawes. Kila kitu chaeleza chenyewe: mwizi aliogopa kufichuliwa, akaua, sasa amejiua. Mkuu wa polisi aamini. Kasisi mwenyewe, aliyehubiri msamaha jioni ile ile, aamini.

Nasi wasomaji twaamini, na hapo ndipo kitabu kilipotukamata. Tulimjua Hawes kuwa mwizi. Kutoka wizi mpaka mauaji haikutugharimu hata hatua moja. Mwuaji wa kweli alikuwa ameihesabu tabia yetu hiyo kama alivyoyahesabu macho ya Bibi Marple. Alimchagua mtu ambaye kijiji kingekuwa tayari kumwamini kuwa mbaya, akamwekea barua, akampa njia ya kufa. Kilichomwokoa Hawes ni kosa: kasisi alipotaka kumpigia daktari simu, iliunganishwa na nyumba nyingine, nayo ikawa ya Bibi Marple.

Kisha lafuata jambo lililonifanya nikipende kitabu hiki kuliko nilivyotarajia. Daktari Haydock, yule aliyesema kwamba wauaji ni wagonjwa, asikia yaliyotaka kufanywa juu ya Hawes, na hasira yamshika. Amkumbuka mama wa Hawes na dada yake, jinsi ambavyo wangebeba aibu maisha yao yote, mama wa mwuaji, dada wa mwuaji, kwa kosa ambalo si lake. Asema kwamba aliyetenda hivyo hastahili kuishi. Elimu yake yote ya juzi yamwacha mara moja. Mtungaji hamcheki wala hamsifu. Aliacha mambo mawili yasimame pamoja, huruma kwa mkosaji na hasira kwa ajili ya mnyonge, katika moyo wa mtu mmoja. Mwalimu wa dini atapata humo kazi ya jioni nzima.

Lakini rudini kwa kanali. Katika kitabu kizima hakuna hata mmoja amliliaye. Mkewe ana mambo yake, binti yake ana mambo yake, wazee wa kanisa wapumua. Watu waja katika nyumba ya kasisi kuona chumba na kuuliza maswali, na chai yanywewa. Kwetu mtu akifa, hata aliyekuwa mgomvi, hata aliyedai na kudaiwa, mikeka hutandikwa, moto hukokwa uani, na jirani aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba huja akaketi kimya. Si kwa sababu marehemu alikuwa mwema. Ni kwa sababu amekufa. Hapa mtungaji alimfanya kanali mbaya makusudi, ili tusiwe na uchungu naye na tuweze kutegua kitendawili kwa raha. Ni ufundi, nami naujua kuwa ni ufundi. Na ndio huo hasa unaonisumbua. Neno la kasisi mezani, kwamba kufa kwa mtu yule ni faida, lilipaswa kumrudia kama mwiba. Lamrudia kama mzaha wa kumwonea haya kidogo, basi. Kwa Hawes damu ina sauti. Kwa Protheroe haina. Ndiyo maana nilisema jibu si moja.

Makosa mengine ni madogo. Watu ni wengi mno: yuko mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuja kuchimba kaburi la zamani, yuko mwandishi wake wa kike, yuko bibi mgeni mwenye siri, yuko mwindaji wa wizi aliyekwisha fungwa na kanali, na kila mmoja ana kisa chake cha pembeni. Mtungaji mwenyewe alipozeeka aliandika katika habari za maisha yake kwamba watu na visa vidogo vilikuwa vingi kupita kiasi, ingawa kisa kikubwa aliona kimesimama vema. Naafikiana naye. Tena ule mpango wa mauaji wategemea dakika nyingi sana kuangukia mahali pake, nami najua jinsi ilivyo vigumu kuwapata watu watano wafike mkutanoni saa moja.

Kiingereza chake si kigumu. Aliyemaliza shule ya sekondari ataweza, akiwa na kamusi karibu kwa ajili ya maneno ya bustani na ya kanisa lao. Kwa watoto wadogo bado, ingawa hakuna matusi wala damu nyingi. Wataona fumbo wasione Hawes.

Mimi nilikipeleka katika darasa la jioni la vijana, nikawa nawasimulia kwa Kiswahili sura kwa sura, Jumanne na Alhamisi. Walimjua mwuaji kabla yangu, wawili kati yao, nao hawakuniambia jinsi walivyomjua. Tulipomaliza, kila mtu akawa na neno juu ya saa ya mezani na juu ya ile chafya. Kisha msichana mmoja wa nyuma, asiyezoea kusema, akauliza kaburi la kanali lilichimbwa na nani. Wenzake wakacheka. Nikafungua kitabu kurasa za katikati nikaanza kutafuta, na muda ukawa umekwisha. Tukapatana kuendelea Alhamisi.